Magreda Matatu ya Jamhuri ya Kivumo

Jamhuri ya Kivumo haipakani na nchi yoyote unayoijua, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Ni nchi tulivu, yenye wizara ishirini na nane na barabara kuu moja, nayo hupitika kiangazi tu, mradi kiangazi chenyewe kisiwe na umande. Yaliyompata Bi Asteria Nyalusi yalitokea huko. Serikali imetoa tangazo rasmi kwamba hayakutokea, ndiyo maana tunaweza kuyasimulia kwa amani.

Asteria alikuwa opereta wa greda namba mbili katika karakana ya Wizara ya Ujenzi, Uchukuzi na Utulivu. Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, alipanda ngazi ya chuma, akapangusa kiti kwa khanga, akakaa. Saa tisa na nusu alasiri alishuka. Katikati ya hapo greda halikusogea hata unyayo mmoja, kwa sababu Asteria hakujua kuliwasha. Alichosomea yeye ni kuimba opera.

Kosa halikuwa lake. Alipokuwa binti wa miaka kumi na tisa, mwenye cheti kizuri cha hisabati, serikali iliiandikia nchi moja rafiki kuomba nafasi tatu za kusomea uopereta wa mitambo. Taipureta ya wizara ilikuwa imeng'oka herufi T. Barua ikafika huko imeandikwa "opere a", na wale marafiki, watu wastaarabu wasiopenda kumwaibisha mgeni, wakaisahihisha wao wenyewe. Vijana watatu wakashuka kwenye baridi kali wakitazamia kuonyeshwa mitambo, wakajikuta mbele ya piano na mama mmoja mwenye shanga nyingi, aliyewaamuru wapumue. Walipumua kwa miaka sita.

Waliporudi na shahada zao, wizara iliitisha kikao. Ilionekana kwamba kukiri kosa ni kukubali kuwa serikali hukosea, na jambo hilo halikuwa na kifungu cha sheria. Ikaazimiwa kwamba wahitimu wamehitimu. Wakakabidhiwa magreda matatu mapya na kofia ngumu tatu za njano. Miaka ishirini na mmoja ikapita.

Greda namba moja lilikaliwa na Gaudensi Kihwele, mnene, mwenye sauti ya tena, ile ya juu ya kiume, iliyong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Namba tatu lilikaliwa na Hamdani Shekue, mwembamba kama fimbo ya bendera, lakini akifungua kinywa besi yake ilitikisa vikombe vya chai mpaka ofisi ya uhasibu. Asteria ndiye aliyekuwa soprano, sauti ya juu ya kike. Watatu hao hawakusalimiana. Siku ya mahafali yao ukumbi ulitoa shada moja la maua bila kusema ni la nani, shada likatoweka, na tangu hapo kila mmoja aliwanunia wenzake wawili.

Kwa hiyo waliimba kwa zamu, kila mtu juu ya chuma chake, bila kutazamana. Msikilizaji wao alikuwa mlinzi wa getini, naye aliweka pamba masikioni.

*

Mambo yalibadilika siku ya fainali ya kombe la taifa, Mshale dhidi ya Kimbunga. Watu elfu sitini walijaa uwanjani. Saa kumi ikafika, mpira haukuanza, kwani sheria ya Kivumo inakataza mpira kubingirika kabla mgeni rasmi hajaketi. Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Ujenzi, Uchukuzi na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Injinia Balozi Mstaafu Kanuti Msumbwa, na wakati huo alikuwa anazindua bomba la maji wilayani. Bomba lilikuwa halijatoa maji. Waziri alikuwa amesema hatoki mpaka litoe.

Ili spika za uzinduzi zisizimike, umeme wa uwanja ulikuwa umeazimwa. Vipaza sauti vikafa. Mashabiki wakaanza kunyanyua viti, na hawakuwa na nia ya kuvikalia.

Katibu mkuu wa wizara, Bwana Tegemeo Sanzagila, alitazama viti vikipaa, akakumbuka karakana. Akakimbia mwenyewe, tai begani.

"Bi Asteria! Wewe una sauti?"

"Ninayo, ndugu katibu. Ni mali ya serikali."

"Bila umeme inafika wapi?"

"Inategemea nani amekubali kunyamaza."

"Twende. Na wenzako pia."

"Wenzangu akina nani?" aliuliza Asteria, huku Gaudensi akiwa hatua nne kutoka alipo.

Wakasimamishwa katikati ya uwanja na kofia zao za njano. Wimbo pekee walioujua wote watatu ni ule wa mtihani wa mwisho: bibi mmoja mwenye mafua anawaomba wanaume wawili wafunge dirisha, nao wanabishana ni nani afunge. Ubishi huo huchukua dakika kumi na nane.

Asteria alianza. Sauti ilimtoka nyembamba kwanza, ikapanda, ikafika jukwaa la mbali kabisa lisilo na paa, ikarudi ikamgusa usoni. Miaka yote hiyo alikuwa ameimbia ukuta wa karakana, na ukuta haukuwahi kumrudishia kitu. Elfu sitini wakanyamaza, viti vikiwa hewani.

Kisha akaingia Gaudensi. Kwa kuwa kinyongo cha lile shada kilikuwa hakijaisha, alishika noti moja ya juu, akaing'ang'ania. Akaing'ang'ania tena. Mama mmoja muuza karanga akashindwa kuvumilia.

"Dada, usikubali!" alipiga kelele. "Mjibu!"

Asteria akajibu, akashika noti ndefu kuliko ile. Hamdani naye akazama chini mpaka nyasi zikasisimka. Hapo ndipo watu wa Kivumo walipoielewa opera: kumbe ni mechi! Upande wa Mshale ukamchukua Gaudensi, upande wa Kimbunga ukamchukua Hamdani, na akina mama wote, na wengine waliokuja kwa ajili ya kivuli tu, wakawa wa Asteria. Refa, ambaye hakuwa na kazi, alitoa saa akapima pumzi. Dakika ya kumi na mbili alimwonyesha Gaudensi kadi ya njano kwa kupoteza muda.

Dirisha lilipofungwa, uwanja ulilipuka. "Tena! Tena! Tena!"

Gaudensi akapiga hatua mbele, machozi yakimlenga. "Wananiita mimi," alisema. "Mimi ndiye tena."

"Wanataka wimbo urudiwe, mjinga wewe," alisema Hamdani. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa Gaudensi baada ya miaka ishirini na mmoja.

Wakarudia mara nne. Katika mara ya tatu Mheshimiwa Msumbwa aliwasili, viatu vikavu, akasimama jukwaa kuu akipunga mkono, akisubiri wimbo wa taifa. Sauti ikatoka nyuma yake:

"Kaa chini, mzee, hatuoni!"

Akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Kivumo mgeni rasmi kuketi bila hotuba. Mpira haukuchezwa, na hakuna aliyeuulizia.

*

Baada ya hapo nchi ilipata wazimu wa furaha. Watatu waliitwa Magreda Matatu, wakazungushwa mikoa yote inayofikika, ambayo ni miwili. Vinyozi walinyoa mtindo wa Hamdani, ambaye alikuwa na kipara. Watoto watatu katika hospitali moja walipewa jina la Soprano, mmoja wao wa kiume. Harusi haikukamilika mpaka shangazi mmoja ashike noti na mwingine amzidi, na ndoa mbili zilivunjika kwa matokeo ya sare. Sokoni, wauza nyanya waligombea wateja kwa sauti za juu zenye kutetemeka, na mteja alinunua kwa yule aliyemtoa machozi.

Asteria hakuyazoea. Mtu alimsimamisha njiani akamwomba atamke tu "habari za asubuhi". Akatamka. Mtu yule akaegemea nguzo.

Watu hawakujua maneno ya wimbo maana yake nini, lakini pale penye kiitikio waliimba wote. Kiitikio kilikuwa "Oo sera, oo sera!" Katika lugha ya wimbo, sera ni jioni; yule bibi analalamika kwamba jioni ni ya baridi. Kivumo walisikia walichosikia.

"Wanalilia sera," alisema muuza mkaa.

"Sera ipi?" aliuliza mwenzake.

"Chagua mwenyewe. Mimi nikifika hapo nalia ile ya mbolea."

Basi kila mtu akawa analia yake. Wakulima walilia ya mbolea, walimu ya uhamisho. Wastaafu walilia zote kwa mpigo, huku wamejishika kifua. Serikali ikashtuka, ikaunda Tume ya Kuchunguza Maana. Tume ilikaa siku arobaini hotelini na kutoa taarifa yenye kurasa mia tatu: neno lenyewe halina hatia, ni jioni; ila haiwezekani raia mwema akaililia jioni kwa dakika kumi na nane, isipokuwa kama anadokeza jioni ya utawala wa fulani.

*

Wakati huohuo Asteria alipigiwa simu kutoka kwao Idunda. Aliyeongea ni jirani, Mama Witness, kwa niaba ya mama yake Asteria, Bi Leokadia.

"Mama yako yuko hapa pembeni, anasema nikwambie masikio yanaondoka. La kulia limeshakwenda. La kushoto linaaga."

"Mpe pole, mwambie nakuja."

Alisikika mtu akipigiwa kelele sikioni, kisha Mama Witness akarudi. "Anauliza unakuja na nini. Hata punda wamegoma kupita. Na anasema nchi nzima imekusikia isipokuwa yeye, sasa kosa lake ni lipi?"

Asteria alikata simu. Idunda ilikuwa kilomita mia na arobaini, na njia yake ilikuwa makorongo matupu. Kesho yake alikwenda kwa Waziri.

Mheshimiwa Msumbwa alimpokea kwa mikono miwili. Tangu aambiwe akae chini, alikuwa hajalala vizuri, na alikuwa amefikia uamuzi kwamba Magreda Matatu yalikuwa wazo lake tangu mwanzo.

"Barabara ya Idunda?" alisema, akafungua jalada. "Ipo kwenye mpango. Inasubiri maopereta wa magreda tu."

"Wako wapi, Mheshimiwa?"

"Wako kwenye ziara za muziki."

"Mheshimiwa, hao ni sisi."

"Ndiyo hivyo. Unaona ugumu wa kazi yangu?" Akafunga jalada taratibu. "Lakini lipo la kufanya, dada yangu. Sikukuu ya Jamhuri nitajiunga nanyi. Nitakuwa Greda Kuu. Taifa limekuwa likisikiliza sauti tatu, zikivutana huku na huku. Taifa linahitaji sauti ya kulifunika. Mkiimba chini yangu vizuri, Idunda itachongwa."

"Chini yako kivipi, Mheshimiwa?"

Akampa karatasi. Ilikuwa Kanuni ya Kiwango cha Sauti. Kifungu kilikuwa kimoja: hakuna mwimbaji atakayeruhusiwa kumzidi Waziri kwa sauti, na Afisa Vipimo atasimama jukwaani na kipimo chake kuhakikisha.

*

Wakakutana karakanani, kila mtu juu ya greda lake. Asteria akawasomea kanuni, halafu akasema habari za mama yake. Hakukusudia kulia.

Gaudensi alishuka ngazi, jambo lililomchukua muda. Akaja akasimama chini ya greda namba mbili. "Asteria. Lile shada nililichukua mimi. Nilimpa yule mama wa shanga. Nilidhani mnajua."

"Na mimi nilidhani analo Hamdani."

"Mimi nina mzio wa maua," alisema Hamdani.

Walitazamana. Kisha Asteria akaanza kucheka, na kicheko cha soprano kikiachiwa ndani ya karakana ya mabati kinamfukuza hata njiwa aliye kiziwi.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza alipopata pumzi. "Tukimzidi, mama yangu hatanisikia kamwe. Tusipomzidi, hatutasikika na mtu. Sauti ya yule mzee ni kama mlango wa kabati."

Hamdani alisoma karatasi mara mbili, kidole kikifuata mstari. "Kanuni inasema tusimzidi," alisema. "Haijasema tumkaribie."

*

Sikukuu ya Jamhuri uwanja ulijaa mpaka juu ya miti ya nje. Safari hii umeme ulikuwepo na spika zilipangwa kama ghorofa. Waziri alitokea na joho jeupe na kofia ya njano yenye nyota. Alihutubia dakika hamsini kuhusu pumzi. Halafu wimbo ukaanza.

Waziri aliimba neno la kwanza. Afisa Vipimo alitazama mshale wa kipimo chake, akanyoosha kidole: hapo. Asteria akaingia chini ya hapo, kwa unyenyekevu. Waziri akasikia kitu kidogo kizuri kando yake, akaogopa kukiharibu, akashusha sauti. Magreda wakashusha. Waziri alipojaribu kusikiliza kama wapo, akashusha tena. Wakashusha, kama kanuni inavyotaka. Ndani ya dakika mbili watatu wale walikuwa wanatikisa midomo tu, na katika spika zote zilizopangwa kama ghorofa alibaki Mheshimiwa Daktari Injinia Balozi Mstaafu peke yake, akiomba dirisha lifungwe, kwa sauti ambayo watu elfu sitini waliisikia mpaka na mate yake yakipita kooni.

Hakuna aliyezomea. Hilo ndilo lililokuwa baya. Walimwangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona mgeni amevaa shati kinyume. Jasho lilimtoka Waziri likapita chini ya nyota.

"Imbeni!" alinong'ona. Spika zikanong'ona pamoja naye, nchi nzima. "Imbeni basi, jamani, mnaniacha peke yangu!"

Asteria akainamisha kichwa kwa adabu. "Kwa kiwango gani, Mheshimiwa?"

"Chochote!"

"Afisa Vipimo anahitaji kuandika, Mheshimiwa."

"Chote! Aandike chote!"

Afisa Vipimo akaandika: chote. Akapiga muhuri. Akazima kipimo chake, akakiweka mfukoni, akavua kofia kama mtu anayeingia kanisani.

Asteria alivuta pumzi. Alijua kwamba barabara ya Idunda imepotea, ilipotea pale Waziri alipobaki peke yake, na kwa sababu imepotea hakuwa tena na cha kubania. Akaachia. Gaudensi akaingia, wala hakushindana, akampandia pembeni kama mtu anayembebea mwenzake mzigo. Hamdani akajenga sakafu chini yao. Haikuwa mechi tena, na uwanja uligundua hilo, ukanyamaza, halafu kwenye kiitikio ukainuka wote. "Oo sera! Oo sera!" Elfu sitini. Ghorofa ya spika ikayumba, ikalala upande. Waziri alisimama katikati, kinywa wazi, mikono juu akitafuta pa kujishika.

Magazeti ya kesho yake yalichapisha picha hiyo. Chini yake iliandikwa: WAZIRI AONGOZA TAIFA.

*

Ndipo tatizo la kisheria likatokea. Waziri alitaka kuwafukuza watatu, lakini mtu hawezi kuwafukuza watu walioshiriki ushindi wake, na ushindi ulikuwa umetangazwa. Kwa siku tatu wizara ilitafuta adhabu isiyofanana na adhabu. Siku ya nne waliipata: walihamishiwa kazini kwao. Barua ilisema maopereta watatu waende mahali pasipo na uwanja, pasipo na spika, pasipo na gazeti, wakachonge barabara. Mahali penyewe paliandikwa Idunda. Waziri alitia saini kwa furaha kubwa, kwani alikuwa amesahau kwamba Idunda ndiyo aliyoahidi kuichonga ikiwa tu wangeimba chini yake vizuri; kusahau maneno yake mwenyewe ilikuwa kawaida yake.

Fundi mitambo, Bi Mwanjaa, aliwafundisha kwa siku mbili, akishika kichwa. Magreda yaliwaka katika jaribio la tatu, yakikohoa vumbi la miaka ishirini na mmoja. Gaudensi alikata kona moja iliyonyooka. Hamdani aliteremsha kisu mno akachimba mtaro ambao baadaye ulifugiwa samaki. Barabara ilitoka na umbo la mtu aliyesimulia habari huku akicheka, lakini ilikuwa barabara. Kila kijiji walichopita watu walitoka na majembe kurekebisha, na jioni waliimba wote ile jioni yao ya baridi, kila mtu na sera yake.

Siku ya kumi na tisa, saa nane mchana, magreda matatu yaliingia Idunda kwa mstari. Bi Leokadia alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, akipepeta mahindi, mgongo kwa barabara. Hakugeuka. Asteria alizima injini, akashuka mbio, akamwita mara moja, mara mbili.

Mama Witness akatikisa kichwa. "La kushoto liliondoka wiki iliyopita, mwanangu."

Asteria akapiga magoti mbele ya kigoda. Mama yake alimwona, akaweka ungo chini, akamshika mashavu, akayachunguza kama bado yana ukubwa uleule. Kisha akamgonga kidevuni kwa kidole: haya, anza.

"Mama, hutasikia."

Bi Leokadia hakusikia hilo pia. Akamgeuza, akaweka kiganja chake mgongoni kwa binti yake, katikati ya mabega, akafumba macho, akangoja. Asteria akaimba. Kijiji kizima kilisogea. Kiganja kilitulia pale, kikasogea kidogo juu kadiri sauti ilivyopanda, kikashuka nayo. Hamdani alipoingia, mama alinyoosha mkono wa pili akamvuta, akamshika mgongo pia, na Gaudensi akalazimika kuinama, kwani mikono ilikuwa imekwisha, na mgongoni mwake mama aliegemeza kichwa. Dakika kumi na nane. Dirisha likafungwa.

Watu wa Idunda walikuwa na redio, na walikuwa wamegawanyika kama nchi nyingine yote. Wakamzunguka bibi, wakamwonyesha kwa ishara za mikono: huyu, huyu, au huyu? Nani zaidi?

Bi Leokadia aliwatazama waimbaji mmoja mmoja, akiwa bado na kiganja kwenye mgongo wa binti yake.

"Hawa wote watatu," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia sauti zao, "wana njaa." Akainuka, akaenda kuchochea moto.